Boksi la karatasi kila mwezi: piga hesabu kwanza ndo uweke namba ya kadi

Mwaka juzi nilijiunga na boksi la kila mwezi la vifaa vya kutengenezea kadi, kampuni ya nje siitaji jina, tangazo lilinikuta saa tano usiku nimelala na simu usoni, boksi la kwanza bure unalipia usafiri tu. Nikaweka namba za kadi ya benki. Boksi likachukua wiki sita kufika Dar na kabla halijafika walishakata hela ya la pili na la tatu. Nalifungua sasa sebuleni na wanangu wamenizunguka: karatasi kumi na mbili za inchi 6 kwa 6, utepe kama mita moja, stika za theluji, maboga yenye meno, na stampu ya Kiingereza ya kumtakia mtu heri ya majira ya baridi. Mimi hapo nina oda ya kadi 40 za send-off, Tabata, mwezi wa kwanza, joto mpaka gundi inatoka jasho.

Basi tangu hapo watu wakiniuliza boksi gani zuri nawaambia hebu tuliza roho kwanza, chukua daftari uandike kadi zote ulizotengeneza miezi mitatu iliyopita halafu jiulize nini KILIISHA. Mimi vilivyoisha ni vitatu tu, karatasi nene nyeupe, gundi na tepu ya pande mbili. Vilivyobaki ni droo nzima: vipepeo, nusu shanga, stika, vifungo vya mbao. Sasa angalia mabox mengi ya kila mwezi yanakuletea nini, yanakuletea vipepeo. Yaani unalipia kila mwezi kitu ambacho nyumbani hakiishi, na kinachoisha bado unakifuata Kariakoo kwa nauli yako.

Hesabu ya pili ni bei ya kadi moja iliyokamilika, achana na bei ya boksi. Tuseme boksi ni dola 25 na usafiri dola 20, jumla 45, na wenyewe wanasema linatoa kadi 8. Gawanya, kadi moja ni kama dola 5 na senti 60, ukiweka dola kwa shilingi 2,500 ili tusiumize kichwa ni 14,000 kwa kadi, na hapo hujagusa ushuru wala VAT ambayo kwetu bara ni asilimia 18 na Kenya ni 16. Mteja wako wa Mbagala analipa ngapi kwa kadi? Kama unatengeneza kwa kujifurahisha sawa, ni hela ya raha kama watu wanavyolipia ving'amuzi, ila kama unauza utakuwa unawalipa wateja wako wakubali kadi.

Saizi nayo watu wanapigwa sana hapa. Ukiona wameandika karatasi 24 usishangilie, uliza za inchi ngapi. Za inchi 12 kwa 12 zina upande wa sentimita 30 na nusu, ukitaka vipande vya 10 kwa 14 vya kubandika juu ya kadi ya kawaida unapata vipande sita kwenye karatasi moja (vitatu huku, viwili huku). Sasa chukua nne za 6 kwa 6, eneo ni lile lile kabisa, lakini kila moja inakupa kipande kimoja tu na kimkanda cha sentimita tano pembeni. Nne dhidi ya sita! Kwa hiyo boksi la karatasi 24 ndogo ni sawa na mtu kakupa nne tu kati ya zile kubwa, na vimkanda.

Uzito wa karatasi usipoandikwa usinunue, nimemaliza. Karatasi ya printa ni gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ukisimamisha kadi inalala kama mgonjwa. Ya kufanyia mwili wa kadi tafuta gramu 200 mpaka 300, ya kubandika juu 120 mpaka 160 inatosha. Mabox ya Marekani yanaandika paundi na hapo kuna mtego, kava na indeksi ni aina mbili za karatasi nene, 65 ya kava ni kama gramu 176, ila 110 ziko mbili: 110 ya kava inakaribia gramu 300 na 110 ya indeksi ni kama 199 tu, namba moja karatasi mbili tofauti kabisa. Na karatasi zao ni fupi na pana kidogo kuliko A4 yetu, bahasha za huku zinagoma, hilo nililijua kadi ziko tayari na mwenye shughuli yuko mlangoni.

Ukishaipata karatasi ijaribu hivi kabla hujakata zote. Ipinde taratibu bila kukaza, upande mmoja halafu geuza upande mwingine. Kuna upande utaona inabisha na mwingine inakubali, ule inaokubali ndo wa kukunjia, ukikunja kinyume mgongo wa kadi unapasuka vinyweleo vyeupe hasa kama ni rangi nzito, na hapo hata upige rula namna gani mteja anaona.

Maneno na michoro. Mimi naangalia picha za mabox yao ya miezi sita nyuma, zote, halafu nahesabu mangapi ningeweza kutumia kwa kadi ya mchango, kichen pati, ubatizo, kipaimara, Idd na pole za msiba. Ikifika matatu kati ya sita naanza kufikiria. Maua, mistari, madoadoa, majani, hayana dini wala msimu, yanakwenda kote. Theluji inakwenda wapi jamani. Na stampu za maneno ya Kiingereza usizihesabie thamani kabisa, kwenye hesabu yako ziandike sifuri, kwa sababu "Hongera" na "Karibuni" utaandika kwa mkono au utaprinti steshenari.

Kama bado unalitaka (naelewa, kufungua boksi ni raha yake), fanya hivi. Tafuta kwanza sehemu ya kujitoa KABLA ya kujiunga, kama hawasemi wazi unaruka mwezi vipi na unaacha vipi funga ukurasa. Usitumie kadi inayopitia mshahara, tengeneza kadi ya mtandaoni ya simu, Kenya wana M-Pesa GlobalPay na huku pia mitandao inazo, weka hela ya mwezi mmoja tu ndani, wakija kukata bila kuaga wakute patupu. Ila bado ingia ujitoe rasmi usije ukasumbuliwa na deni. Na usilipe mwaka mzima kwa sababu ya ofa, lipa mwezi mmoja, maliza boksi lote, ndo uamue.

Kama una ndugu Marekani au Uingereza wape kampuni adresi yake wewe ukae kimya. Dada yangu yuko Ohio, usafiri wa ndani kule ni mdogo au hakuna, anazikusanya karatasi bapa bila maboksi na mtu akija likizo zinalala chini ya begi. Usimbebeshe mtu kilo tano lakini, karatasi ni nzito kuliko unavyodhani, na shemeji yako atakuchukia kimya kimya.

Wale wa kuviringisha vikaratasi, kwilingi, nyie msijiunge na chochote. A4 moja ina upana wa milimita 210, ukiikata kwa urefu unapata mikanda 70 ya milimita 3 au 42 ya milimita 5. Rula ya chuma, wembe mpya, kipande cha kioo chini, jioni moja unamaliza rangi kumi huku unasikiliza redio.

Sasa kwa sisi wa hela ya mawazo kuna sabskripsheni nyingine ambayo bibi zetu wanaijua, mchezo. Tafuta wenzio wanne wanaotengeneza kadi, mko watano. Kila mtu mwezi huo ananunua paketi moja ya manila ya A4 yenye karatasi 100, rangi moja tu, ile nene. Mnakutana kwa mmoja wenu mnagawana, kila mtu anaondoka na 20 za kila rangi, yaani karatasi 100 za rangi tano kwa bei ya paketi moja. A4 moja ukiikata katikati inatoa miili miwili ya kadi, hapo una kadi 200. Mwezi unaofuata mnabadilisha, mtu wa gundi, mtu wa tepu, mtu wa bahasha, mpaka vile vya kung'aa mnanunua paketi moja mnagawana kwa kijiko. Zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja na viatu vipya, maana mvua za masika zikianza karatasi iliyoachwa juu ya kabati inajikunja kama chapati.

Ila pangeni rangi kwenye grupu la WhatsApp kabla mtu hajapanda daladala. Sisi mwezi wa kwanza hatukupanga, tulikutana kwa mama Zuu watano na paketi tano nyeupe.