Moyo ukiinama: kushika tumaini, kuomba na kutibiwa ukiwa Goma

Aliyefiwa, aliyepoteza duka lake Birere, aliyekimbia Sake akajibanza kwa ndugu huko Ndosho, ana haki ya kulia. Huzuni ya namna hiyo huja na kuondoka: analia asubuhi, mchana mtoto anatamka neno la kuchekesha naye anacheka. Depresio haitoi nafasi hiyo. Moyo ukiwa mzito au raha ya vitu vyote ikiwa imekwisha, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na tena usingizi umevurugika, chakula hakipiti, mwili umechoka bila kazi na unajilaumu hata kwa mambo yasiyo yako, huo ni ugonjwa. Unashikwa kwa mikono miwili, imani na tiba, na hakuna mkono unaosubiri mwenzake umalize.

Mwongozo huu ni wa anayeumwa na wa wale wawili watatu walio karibu naye: mume au mke, dada, jirani wa shirika (jumuiya ndogo ya kanisa), mama wa chumba cha maombi. Msimamo wetu tunauweka mbele. Wagonjwa wengi hawakosi maombi. Wanapewa kipimo cha maombi cha mtu mzima wa afya, wanashindwa kukibeba, kisha wanaambiwa hawana imani.

Kabla ya yote, ulizia kifo

Kama ndugu yako amekaa kimya siku nyingi, anagawa vitu vyake, au anasema "mtapumzika nikiondoka", muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi kunamtua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda chooni bila mtu kusimama karibu. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mimea, kamba, silaha na vidonge vyote. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mkiwa wawili. Saa hiyo usimtishe kwa moto wa milele. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8), na hakuna aliyemfuta kwenye orodha ya mitume.

Fuata mpangilio wa Eliya

Soma 1 Wafalme 19 polepole, ukiangalia nini kilitangulia nini. Nabii amechoka, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hamkemei wala hamwambii afunge. Analala. Malaika anamgusa: kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Ndipo anatembea, siku 40, hadi Horebu. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baada ya hayo yote, na baada ya swali anapewa kazi na mwenzake wa kuifanya naye, Elisha.

Mpangilio huo unawezekana hata kwenye nyumba ya mbao Katoyi. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala vizuri. Ukibaki kitandani hadi mchana, usiku unaofuata utakuwa mbaya zaidi. Kula kidogo kila baada ya saa tatu au nne: kikombe cha uji, ndizi mbili, kibonge kidogo cha bukari (ugali) na sambaza (dagaa wa ziwani). Usisubiri hamu, itachelewa kuja. Kula kama anayemeza dawa. Kunywa maji. Kila siku tembea dakika 20 au 30 jua likiwepo, hata kama ni kufuata maji na bido (dumu) nusu. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Pombe iache kabisa kwa wakati huu, na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwanza: inaleta usingizi wa saa chache, kisha inakuamsha usiku wa manane moyo ukiwa chini zaidi.

Wengi hukosea kwa kuanza na mambo yote siku ya kwanza. Anza na kuamka na uji. Wiki ya pili ongeza kutembea.

Kuomba wakati maneno hayatoki

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mtu mwenye depresio akiambiwa "omba saa moja", atapiga magoti, mawazo yatazunguka madeni yake dakika 55, na atasimama akijiona amelaaniwa. Mpe dakika kumi, na mpe umbo la kufuata. Umbo tunalolipendekeza ni Zaburi ya 13, kwa sababu ni fupi, aya sita tu, na haifichi kitu.

Ina vipande vinne. Cha kwanza ni kumwita Mungu kwa jina. Cha pili ni kulalamika, na Daudi anauliza "hata lini" mara nne bila kuomba radhi. Cha tatu ni ombi lenye jambo mahususi: uniangalie, unijibu, uyatie nuru macho yangu. Cha nne ni kutumaini, tena kwa kifupi sana.

Chukua karatasi, au simu kama huna nguvu ya kuandika, uweke sentensi moja au mbili kwa kila kipande, kwa mambo ya nyumba yako. Kwa mfano: "Ee Bwana, niko hapa Mabanga, kwenye chumba kinachovuja. Hata lini nitaamka usiku kuhesabu madeni? Hata lini nitawaambia watoto kesho, na kesho haifiki? Nipe usingizi wa usiku huu, na nipate minervale (karo ya shule) ya mtoto wa pili. Ulinivusha zamani, nakungoja." Inatosha. Malalamiko yasiyo na jina la kitu hayasaidii. "Maisha ni magumu" haina pa kushikwa, lakini "sijalipa kodi ya nyumba miezi mitatu" ina pa kushikwa, na Mungu haoni haya kusikia habari za kodi.

Kuna mambo matatu yanayoharibu zoezi hili. La kwanza ni kulifanya kitandani usiku. Hapo ombi linageuka kuwa mzunguko wa mawazo usiokwisha. Lifanye asubuhi au kabla ya giza, ukiwa umeketi, mlango wazi, na dakika kumi zikiisha simama hata kama hujamaliza. La pili ni kulazimisha kipande cha nne. Kama neno la kutumaini halitoki, liache wazi, mwenzako alisome kwa niaba yako. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 aliteremshwa na watu wanne kupitia dari, na Yesu aliiona imani "yao". La tatu ni kudhani kuna hisia inayopaswa kufuata. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila aya ya ushindi, na bado ni sala ndani ya Biblia. Siku usiyohisi chochote, soma hiyo, funga kitabu, kanywe uji. Umekwisha kusali.

Wakatoliki wana msaada wa ziada hapa: rozari. Haikudai kutunga maneno, na vidole vinajua njia. Fungu moja la kumi linatosha.

Mifungo, mikesha na habari ya mapepo

Kufunga kavu siku tatu kwa mtu ambaye tayari hali chakula ni kumwongezea ugonjwa. Sukari inashuka, usingizi unatoweka, na anayemeza dawa anairuka. Kama moyo wako unataka kufunga pamoja na kanisa, funga kitu kingine: video za vita kwenye simu, au mabishano ya WhatsApp baada ya jua kuzama. Mkesha wa usiku mzima nao ni hivyohivyo. Kukosa usingizi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kuna wagonjwa ambao usiku mmoja bila kulala huwavuruga akili kabisa. Njoo ibada ya jioni, uondoke mapema. Mchungaji mwenye busara atakuelewa.

Kuhusu mapepo, hatuingii kwenye ubishi wa makanisa. Tunaweka mipaka tu. Anayetaka kumwombea mgonjwa na amwombee, mikono ikiwa mitupu na mlango wazi, ndugu wakiwepo. Pale mgonjwa anapofungwa kamba, kupigwa, kunyimwa chakula, kudaiwa pesa, au kuambiwa atupe dawa kama ushuhuda, mchukueni mwondoke siku hiyohiyo. Mchungaji anayeogopa dawa ya hospitali huku akimeza ya malaria ana deni la maelezo.

Wanaomsindikiza

Msitangaze jina lake kwenye shirika zima wala kwenye kikundi cha simu. Watu wawili au watatu wanatosha: wanawake kwa mwanamke, wanaume kwa mwanaume, na wote wawe watu wa kutunza siri. Pangeni siku maalumu, tuseme Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, nusu saa kila mara. Ziara ya kushtukiza inamchosha, na ahadi isiyotimizwa inamwumiza zaidi ya kutokuja.

Mkifika, fanyeni kwanza kazi ya mikono. Jazeni bido la lita 20, chambueni sombe (majani ya muhogo), ogesheni watoto, pelekeni simu yake kuchajiwa. Ongeeni baadaye. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Maneno ya kuepuka tunayajua sote: "bora wewe, wengine wako hemani", "wenye imani hawaumwi hivyo", "jikaze, baba". Ya kusema ni mafupi: "Nimekuja, sina haraka." "Leo ulikula nini?" "Nisome Zaburi, au tukae tu?" Akisema tukae tu, kaeni kweli, bila kuangalia saa.

Msindikizaji naye anachoka. Badilishaneni kila mwezi kabla hajaanza kumchukia mgonjwa kimoyomoyo.

Tiba

Anza na kituo cha afya cha mtaani, upimwe malaria na upungufu wa damu, kwa sababu vyote viwili vinachosha mwili na kufanana na depresio. Uulize kama kuna mhudumu wa afya ya akili. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu cha watawa wa Frères de la Charité. Bukavu wana kingine cha namna hiyo, SOSAME. Beba karatasi yenye mambo haya: ilianza lini, unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, dawa zote unazomeza pamoja na za miti shamba, pombe, na kama umejifungua katika mwaka huu. Kujifungua ni muhimu, maana wamama wengi huumwa hivi baada ya kuzaa wakaambiwa hawampendi mtoto. Aliyebakwa asingoje wala asioge kwanza kwa aibu: dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Hospitali za HEAL Africa hapa Goma na Panzi kule Bukavu zinajulikana kwa huduma hiyo.

Ukiandikiwa dawa ya depresio, jua kwamba kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi mzito huja siku za kwanza, ilhali nafuu huanza baada ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana wengi huiacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Nafuu ikija, endelea miezi sita au zaidi kama daktari atakavyosema, na usiikate ghafla hata ukisikia umepona ibadani. Mshukuru Mungu na urudi kwa daktari apunguze taratibu. Amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo, ni ya hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo itunzwe na mtu mwingine, atoe ya wiki moja moja. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kununua kwenye famasi bila karatasi ya daktari inalaza, lakini baada ya wiki kadhaa mwili unaidai.

Kurudi kanisani, na tarehe za kuangalia

Ukianza kupata nguvu, usirudi moja kwa moja kwenye uongozi wa kwaya. Keti benchi la nyuma Jumapili mbili tatu, kisha chukua kazi ndogo yenye mwisho: kupanga viti, kusoma somo moja. Ushuhuda hadharani ungoje. Aliyesimama mbele akasema amepona kabisa huona aibu kuomba msaada ugonjwa ukirudi, na kurudi hurudi.

Mara nyingi hurudi na tarehe. Mji huu una zake: 17 Januari, lava ya volkano Nyiragongo ya 2002; 22 Mei, lava ya 2021; siku za mwisho za Januari, vita vya 2025. Ongeza za nyumba yako, siku aliyokufa mtu, siku mliyokimbia. Ziandike nyuma ya jalada la Biblia, na umpe msindikizaji nakala. Wiki moja kabla ya kila tarehe, yeye aulize habari ya usingizi na chakula, muhakikishe dawa haijaisha, na mpange mtu wa kulala nyumbani usiku huo.