Kitako cha keki ya jibini kisilowe

Kitako cha biskuti kikilowa au kikimeguka ovyo, mara nyingi kosa ni la siagi au la haraka. Kwa bati la sentimita 23, saga biskuti gramu 200 ziwe laini kama mchanga, kisha changanya na siagi iliyoyeyushwa gramu 90 na chumvi kidogo. Fumbata kiganjani: mchanganyiko ushikamane, ukiugusa kwa kidole uvunjike. Usiposhikamana, ongeza siagi kijiko cha chai kimoja kimoja. Ukiacha mafuta kiganjani umezidisha. Siagi itavuja ndani ya oveni, na kitako kikishalala friji kitakuwa kama tofali.

Kandamiza kwa sehemu ya chini ya glasi, hasa kwenye kona, ambako unga hujikusanya ukawa mnene. Oka dakika 10 kwa nyuzi 175 za Selsiasi, halafu kiache kipoe kabisa kabla ya kumimina jibini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozuia kulowa. Kwa keki isiyookwa, dakika 20 za friza zinatosha.

Juu yake, stroberi mbichi ni nzuri kuliko sosi nzito ya sukari, ila zipange wakati wa kukata. Zikilala hutoa maji. Nanasi bichi au kiwi usitie kwenye jeli ya gelatini: vimeng'enya vyake huvunja protini, jeli isigande. Nanasi lichemshe kwanza, au tumia la kopo.