Kagua mchoro wa kiwanja chako kabla haujafika kwa Afisa Mipango Miji

Mteja akipokea ramani ya nyumba kutoka kwa mchoraji, hukimbilia picha ya rangi: paa la bluu, gari limeegeshwa, nyasi za kijani ambazo Goba, Dar es Salaam, hazijawahi kuota zenyewe. Kisha anahamia vyumba: masta iko wapi, jiko limekaaje. Ile karatasi yenye mistari minne ya mpaka na umbo la nyumba katikati, yaani mchoro wa kiwanja, anaifunua haraka na kuipita. Bahati mbaya, kwa wanaopitia maombi ya kibali cha ujenzi, karatasi hiyo ndiyo yenye kazi. Sebule yako ni hiari yako. Mahali nyumba ilipokaa ndani ya kiwanja panamhusu jirani, barabara na maji ya mvua ya mtaa mzima, na ndiko maombi mengi yanakokwama.

Nitakuonyesha ninavyoikagua karatasi hiyo mimi, kabla mteja hajalipia chochote. Andaa rula, futi ndefu ya mita 30, kalamu nyekundu, kikokotoo cha simu, na nakala ya hati pamoja na ramani ya upimaji iliyoambatana nayo. Utahitaji pia kwenda kiwanjani mwenyewe. Ukaguzi wa mezani peke yake haukusaidii, maana mchoraji naye alichorea mezani.

Hatua ya 1: Hati na mchoro viseme kitu kimoja

Namba ya kiwanja, kitalu, eneo, ukubwa kwa mita za mraba, jina la mmiliki. Pitisha kidole neno kwa neno. Kama hati bado ni ya marehemu baba, suala la mirathi linatangulia ramani. Hakikisha na kodi ya ardhi haina deni.

Halafu soma matumizi. Hati ikisema makazi na mchoraji kakuwekea fremu nne za maduka upande wa barabara kwa sababu "kila mtu anafanya hivyo", umeshaomba kitu ambacho hati haikiruhusu. Utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi upo. Anza nao, au ondoa fremu.

Hatua ya 2: Pima kama skeli ni ya kweli

Hii ni kazi ya dakika moja na inafichua mengi. Tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 30 na mchoro umeandikwa 1:200. Kwa skeli hiyo, sentimita moja ya karatasi ni mita mbili za ardhi, kwa hiyo upande wa mita 20 lazima usome sentimita 10 kwenye rula. Ukisoma sentimita 7 na kidogo, basi mtu wa duka la steshenari amechapa karatasi ya A3 kwenye A4, na kila utakachopima hapo ni uongo. Chapa upya kwa ukubwa wake kabla ya kuendelea.

Angalia na mshale wa kaskazini. Wengine huuweka kama pambo, ukielekea juu ya karatasi hata kama juu ya karatasi ni magharibi. Dar upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, na jua la saa kumi jioni linachoma ukuta wa magharibi bila huruma. Mshale ukiwa wa kubuni, vyumba vya kulala vinaweza kuangukia upande wa tanuri, na hakuna afisa atakayekurudishia ramani kwa sababu hiyo. Utalipa mwenyewe kwenye luku.

Hatua ya 3: Tafuta bikoni zote

Nenda na jembe, na ikiwezekana na mpima. Bikoni, yaani alama za mpaka kwenye kona za kiwanja, hufukiwa na udongo, hung'olewa na greda, na wakati mwingine "hutembea" usiku. Usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole na dalali. Ukizipata, pima upande kwa upande na ulinganishe na ramani ya upimaji.

Kwenye maeneo yaliyorasimishwa, kama sehemu nyingi za Kimara, Goba na Makongo, kuwa makini mara mbili. Huko watu walijenga kwanza, upimaji ukafuata, na baadhi ya wamiliki walikubali kutoa vipande vya ardhi ili njia ipatikane. Ukuta wa jirani unaouona unaweza kuwa ndani ya eneo lako, na uzio wako wa michongoma unaweza kuwa umeota katikati ya barabara ya ramani. Mchoraji aliyetumia vipimo vya uzio badala ya vya bikoni amekuchorea nyumba kwenye kiwanja kisichokuwepo.

Ukiwa hapo hapo, geuka uangalie kilicho karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka bahari na kingo za mito, na watu wa bonde la Msimbazi wanajua X nyekundu ya kubomolewa inavyoonekana ukutani. Usidanganywe na mto mkavu wa mwezi wa kwanza, ambao hukuonyesha ukubwa wake mwezi wa nne. Nguzo za umeme mkubwa nazo zina njia yake isiyojengwa. Barabara kuu vilevile: mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande. Waliobomolewa walikuwemo wenye nyumba nzuri na za siku nyingi. Kama upo karibu na barabara ya TANROADS (wakala wa barabara kuu) au ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), waulize wao upana wa hifadhi, na uandikwe kwenye mchoro.

Hatua ya 4: Umbali kutoka mpaka

Kila upande wa nyumba uwe na tarakimu inayoonyesha umbali hadi mpakani: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kiwango cha chini kinategemea ujazo wa kiwanja (kama eneo limepangwa nyumba kubanana au kuachiana nafasi) na aina ya jengo, kwa hiyo usitumie vipimo vya shemeji yako wa Tegeta. Muulize afisa mipango miji wa halmashauri yako: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni.

Mimi napima mara mbili. Mara ya kwanza hadi ukutani. Mara ya pili hadi kitu kilichojitokeza zaidi, yaani ukingo wa paa, roshani, ngazi ya nje. Ukuta ukiwa mita moja na nusu kutoka mpakani na paa likatoka sentimita 90, maji ya paa yanadondoka sentimita 60 tu kutoka kwa jirani, na upepo wa masika utamfikishia. Weka mfereji wa paa upande huo na uuonyeshe kwenye mchoro.

Mtego mkubwa ni nyumba ya uani. Nyumba kubwa huwekwa vizuri kabisa, halafu vile vyumba viwili vya nyuma vinabandikwa kwenye uzio kana kwamba si jengo. Ni jengo. Vinahesabiwa.

Hatua ya 5: Hesabu mbili

Chukua mfano wetu wa mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Nyumba ni 14 kwa 12, sawa na 168. Uani ni 8 kwa 4, sawa na 32. Jumla 200. Gawanya kwa 600: jengo limefunika asilimia 33 ya kiwanja.

Ukiongeza ghorofa moja juu ya nyumba kubwa, eneo lililofunikwa halibadiliki, ila sakafu zote zinakuwa 168 mara mbili, ongeza 32, sawa na 368. Gawanya kwa 600, unapata 0.61. Huo ndio uwiano wa sakafu kwa kiwanja. Tarakimu zote mbili ziandikwe kwenye mchoro, na zitoke kwenye vipimo vilivyochorwa. Baraza lenye paa na banda la gari vikiachwa nje ya hesabu, mkaguzi mwenye kikokotoo atavirudisha ndani.

Hatua ya 6: Maji

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua zote.

Anza na mteremko. Mchoro usio na mistari ya mwinuko unadai kiwanja ni tambarare, na kuna vilima vingi Dar ambavyo karatasini ni uwanja wa mpira. Kama huna mpima, fundi mzuri ana mpira wake mwembamba unaopitisha mwanga. Unajazwa maji bila kuacha mapovu, mtu mmoja anasimama nyuma ya kiwanja na mwingine mbele, kila mmoja na mti ulioalamiwa sentimita. Maji hujisawazisha yenyewe pande zote mbili, na tofauti ya usomaji kwenye miti ndiyo mteremko. Ukikuta mita mbili ndani ya mita 30, mchoro lazima ueleze: unakata udongo wapi, unajaza wapi, ukuta wa kuzuia udongo uko wapi, na maji ya nyuma yanapitaje kuja mbele. Yakielekezwa kwa jirani wa chini, umeanzisha kesi kabla ya msingi.

Sehemu kubwa ya Dar haijafikiwa na bomba la maji taka, kwa hiyo utakuwa na karo (tangi la chini ya ardhi la maji ya chooni) na shimo la kufyonza maji. Vitafute kwenye mchoro. Kama havipo, rudisha ramani kwa mchoraji siku hiyo hiyo. Kama vipo, jiulize mambo haya.

Gari la kunyonya litafika? Nimeona michoro yenye karo nyuma ya nyumba, upenyo wa pembeni mita moja, na geti lipo upande wa pili. Siku likijaa, mpira utapitishwa sebuleni. Karo likae mbele au pembeni, mahali ambapo mpira unafika gari likiwa barabarani.

Ardhi inanyonya? Chimba shimo la kina cha goti au zaidi, mwagia maji yakolee, jaza tena, rudi kesho. Mchanga utakuwa umeyameza. Udongo wa mfinyanzi utakuwa umekutunzia. Mikocheni, Msasani na maeneo mengine ya chini, maji ya ardhini yako karibu, na shimo la kufyonza mwezi wa nne linageuka kisima. Huko zungumza na mhandisi kuhusu karo kubwa zaidi au mfumo mwingine, usinakili mchoro wa Mbezi Juu.

Kisima kiko wapi, chako na cha jirani? Kipimo kinachotajwa mara nyingi na watu wa afya ni mita 30 kati ya kisima na shimo la maji taka. Kwenye kiwanja cha urefu wa mita 30 hesabu inakataa yenyewe, kwa hiyo chagua kimoja na uzungumze na jirani kabla hajachimba chake pembeni ya shimo lako. Michoro karibu yote haionyeshi visima vya majirani. Vichore wewe kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya 7: Geti na magari

Geti lisifungukie barabarani, na rampu isitoke nje ya mpaka. Kama kuna mtaro mbele, onyesha kalavati na kipenyo chake. Kalavati jembamba la mtu mmoja huziba na kufurisha mtaa mzima. Gari moja linataka karibu mita 2.5 kwa 5, na nafasi ya kugeuza. Wenye fremu na apatimenti, hesabuni maegesho ndani ya kiwanja, si kwenye bega la barabara.

Hatua ya 8: Wapelekee majirani

Sheria ikikulazimisha au isikulazimishe, mimi huwaambia wateja wangu wachukue karatasi hiyo moja wazunguke nayo kwa majirani wa pande zote, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. "Mama, nakusudia kujenga hapa, ukuta wangu utaishia hapa, choo kitakuwa hapa. Unaonaje?" Utaambiwa mambo ambayo hakuna ramani inayoyajua: maji ya mwaka juzi yalipita wapi, bikoni gani iling'olewa na nani. Mtu aliyeulizwa kabla hukosa sababu ya kwenda kulalamika baada.

Hatua ya 9: Wasilisha, kisha pokea maoni bila hasira

Maombi siku hizi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa, na malipo ni kwa namba ya malipo inayotolewa na serikali. Anayetaka ya mkononi "ili akusukumie" mpite. Ghorofa itahitaji pia michoro ya kihandisi yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, na majengo ya umma au marefu yatapita kwa Zimamoto na Uokoaji, ambao watauliza gari lao litaingilia wapi. Swali hilo nalo hujibiwa na karatasi ile ile ya kiwanja.

Maoni yakirudi, andika kila moja kwenye jedwali: walichosema, ulichobadilisha, karatasi namba ngapi. Usitume tu michoro mipya ukitegemea wataona. Na ukihamisha nyumba nusu mita kumridhisha mkaguzi, rudia hatua ya 4 hadi ya 6, kwa sababu karo huwa halihami lenyewe.

Kibali kikitoka, nakala yenye muhuri ikae saiti, kwenye mfuko wa plastiki, si kabatini kwako Sinza. Siku ya kuweka kamba za msingi, mwite mkaguzi wa halmashauri, pima upya kutoka bikoni hadi kamba, pande zote nne, fundi akishuhudia. Zege likishamwagwa, kusogeza nyumba sentimita 40 kunagharimu kuliko ramani nzima.