Mambo ya kuweka sawa nyumbani kabla mmoja wenu hajapoteza kazi

Mume wangu aliachishwa kazi siku ya Alhamisi. Saa nne asubuhi aliitwa ofisini, saa sita alikuwa ameshafika nyumbani na boksi la vitu vyake. Hakukuwa na tetesi wala nini, wiki ile ile alikuwa anapanga ratiba ya mwaka unaofuata. Naanza na hilo kwa sababu wengi tunaamini kazi ikitaka kuisha utaona dalili, utapata muda wa kujipanga. Muda wa kujipanga ni huu wa sasa jamani, mishahara yote miwili ikiwa inaingia na hakuna mwenye presha.

Cha kwanza kabisa kaeni chini wote wawili mjue namba zenu, na simaanishi makadirio ya kichwani. Fungueni taarifa za benki na za simu za miezi 3 iliyopita muandike kila kinachotoka, maana mwezi mmoja unadanganya, kuna vitu vinalipwa mara moja moja na ndo vikubwa. Halafu tengeni mafungu mawili, lile la vitu ambavyo msipolipa mwezi huu mnaumia (kodi, chakula, maji, umeme, dawa, ada, bima, nauli ya yule anayeendelea na kazi) na lile la vingine vyote. Jumla ya fungu la kwanza ndo namba ya kukaa nayo kichwani. Sisi tulikuwa tunajua mishahara yetu vizuri sana ila matumizi ya lazima hatukuwahi kuyajumlisha hata siku moja. Tulipokuja kupiga hesabu tukiwa tayari kwenye shida, tukakuta katika kila 100 inayoingia mimi naleta 40 na vitu vya lazima vinakula 70. Yaani kila mwezi kuna pengo la 30.

Hilo pengo ndo linakwambia akiba yako iwe kiasi gani. Utasikia watu wanasema weka akiba ya miezi 3 mpaka 6 ya matumizi, mtu akipiga hesabu anaona ni mlima anaacha kabisa. Sasa kama nyumba ina vipato viwili na kimoja kimebaki, unachohitaji kuziba ni lile pengo tu. Kwa hesabu yetu, akiba ya 180 ingetuvusha miezi 6 bila kukopa kwa mtu, wakati tulikuwa tunaogopa kwamba bila 420 hatuwezi. Ila pigeni hesabu pande zote mbili, akikosa kazi mume na akikosa mke, maana mapengo hayalingani na hamjui ni nani itamkuta. Na kama wote mnafanya kazi sehemu moja basi msitumie hii hesabu ya pengo, wekeni ile kubwa, kwa sababu siku mbaya inaweza ikawakuta pamoja.

Pesa yenyewe ikae akaunti ya peke yake, sehemu mnayoweza kuitoa ndani ya siku moja au mbili. Kiwanja sio akiba ya dharura, ukikiuza kwa haraka unakiuza kwa bei anayotaka mnunuzi. Na wote wawili muwe na uwezo wa kuifikia.

Haya, madeni. Hapa ndo pana mambo mengi na ndo palipotuumiza zaidi. Kama mna mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, elewa kwamba mshahara ukikoma makato nayo yanakoma lakini deni linabaki na riba inaendelea kutembea. Mikopo ya mwajiri ndo ya kuisoma kwa makini zaidi, mingi inasema mtu akiondoka kazini salio lote linakatwa kwenye malipo yake ya mwisho, kwa hiyo zile pesa unazotegemea ziwashikilie miezi kadhaa unaweza kukuta zimeshaliwa kabla hujazigusa. Ulizeni sasa hivi, salio ni kiasi gani na mkataba unasemaje. Ulizeni pia kama mkopo una bima ya kupoteza kazi, mingine inayo na watu wanailipia bila kujua, ila soma masharti yake kwa sababu mara nyingi haimlipi aliyeacha kazi mwenyewe. Na kama mmoja wenu amemdhamini mtu, hilo nalo liingie kwenye orodha hata kama mdhaminiwa analipa vizuri.

Mkiona mtashindwa rejesho, mfuateni mkopeshaji kabla ya tarehe kupita. Ukienda mapema unaomba kupangiwa upya, ukienda baada ya kukosa marejesho mawili unaenda kujitetea. Jueni tu kwamba wakiwaongezea muda, rejesho la mwezi linapungua lakini riba ya jumla inakuwa kubwa, kwa hiyo ombeni kiasi kile mnachohitaji kweli. Na kabla hata shida haijafika kubalianeni kwamba mikopo ya haraka ya riba kubwa hamtaigusa. Mkopo wa 10% kwa mwezi, riba ikiwa inajumlishwa kwenye deni, usipoulipa unakuwa mara mbili kabla ya miezi 8 kuisha. Mtu ambaye hana kazi hawezi kushindana na hiyo.

Bima ya afya. Angalieni familia imeandikishwa kupitia kazi ya nani, na inaisha siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi. Kama kazi ya yule mwingine inaruhusu kuingiza mwenza na watoto, ulizeni sasa utaratibu wake, kwa sababu mara nyingi kuna siku maalumu za kufanya hivyo na zikipita mnasubiri.

Karatasi. Mkataba wa kazi, barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara, rekodi za likizo, kopi zake zikae nyumbani, maana siku ya kuachishwa emaili ya ofisini inaweza kufungwa ukiwa bado kwenye kiti. Kulingana na sheria na mkataba, mtu anaweza kudai siku alizofanya kazi, malipo ya notisi, likizo ambayo hakuichukua na kiinua mgongo, sasa bila karatasi utajuaje wamekupunja? Na kubalianeni mapema kwamba mtu akipewa fomu ya kusaini siku hiyo hiyo ataomba aende nayo nyumbani akaisome. Mume wangu alisaini akiwa anatetemeka, na likizo ya siku 19 ikapotelea pale.

Jambo gumu kuliko yote ni kuambiana ukweli. Mwenzangu alikuwa na mkopo ambao sikuujua, mimi nilikuwa na watu ninaowatumia pesa kila mwezi ambao yeye hakuwajua, na yote haya tukayagundua ndani ya wiki moja wakati yeye hata kula hali vizuri. Semeni sasa, mtu akiwa bado ana kazi na heshima yake iko sawa. Pangeni pia ndugu wataambiwa nini na nani atawaambia, na kwamba yule asiye na kazi atakuwa na kiasi chake kidogo kila mwezi ambacho haulizwi, mtu mzima kuomba nauli kila asubuhi kunamvunja.

Mkishamaliza hayo yote fanyeni jaribio. Chagueni mwezi mmoja, mshahara wa mmoja ukiingia tu uhamisheni wote kwenye akiba, muishi kwa ule mwingine. Sisi tulikuja kufanya alipopata kazi tena, na wiki ya tatu tukawa tumekwama kwa kitu ambacho hatukukiandika popote, ada ya bima ya mwaka. Mwezi unaofuata geuzeni, muishi kwa mshahara wa yule mwingine.