SOMO: Kuingia mashindano ya kulipwa ya bodibodi, na hesabu ya zawadi yenyewe

Haipiti wiki bila mtu kunifuata inboksi: "Kaka, mashindano ya bodibodi naingiaje, na wanalipa bei gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja hapa, na ukiuliza jambo lililo humu nitakurudisha humu humu.

Nazungumzia ule ubao mfupi wa sponji unaolaliwa kifua, mapezi miguuni, aliouanzisha Tom Morey kule Hawaii mwaka 1971. Wa kaiti za Diani, somo lenu si hili.

Hatua ya 1: Jua mlango wako. Milango ni miwili. Ziara ya dunia ya kulipwa, ambayo miaka hii iko chini ya IBC (shirika la kimataifa la bodibodi), unaingia kwa jina lako: unajisajili, unalipa ada, pointi zako ndizo zinazokupangia raundi. Mashindano ya ISA (shirikisho la kimataifa la kuteleza mawimbini) ni ya timu za taifa. Huko jina lako linapelekwa na chama cha nchi yako kilicho mwanachama wa ISA, hujipeleki. Anayetafuta pesa aende mlango wa kwanza.

Usitumie kanuni za zamani ulizopakua mahali. Ziara hii imepita mikononi mwa waendeshaji kadhaa, GOB, IBA, APB, sasa IBC, na masharti hayakubaki yale yale.

Hatua ya 2: Chagua kundi. Wanaume, wanawake, vijana, au wale wa kupiga goti moja juu ya ubao. Mtoto aende na sahihi ya mzazi.

Hatua ya 3: Jisajili mapema. Mgeni asiye na pointi huanzia kwenye mchujo.

Hatua ya 4: Viza. Marekani, mwanamichezo ambaye hatalipwa chochote zaidi ya zawadi ya ushindi huangukia viza ya B-1, ile ya safari za kibiashara. Usiseme unakwenda kutalii wakati begi lina ubao na barua ya waandaaji. Gran Canaria (kisiwa cha Hispania) na Ureno ni Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya: bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma maandishi madogo ya bima hiyo, maana nyingi haziwalipi watu walioumia wakishindana.

Hatua ya 5: Pesa. Hapa tulieni, ndipo vijana wanapoumia.

Namba kubwa kwenye bango si ya mtu mmoja. Ni chungu kizima, kinapakuliwa kuanzia mshindi kushuka chini, na aliyetolewa raundi za mwanzo mara nyingi anaondoka mikono mitupu. Kisha kuna kodi. Marekani hukata asilimia 30 ya zawadi ya mgeni, Hispania asilimia 24 kwa asiyetoka Umoja wa Ulaya. Tuseme umeshinda dola 5,000 Hawaii: zinazokufikia ni 3,500, na hapo hujatoa ada, tiketi, chumba na chakula.

Tena mashindano hayana siku moja. Yana kipindi cha kusubiri, hata wiki mbili, na bahari ikigoma mnakaa ufukweni mkila akiba. Kwa hiyo: nunua tiketi inayobadilishika tarehe, weka pesa ya chumba kwa kipindi chote, na waulize waandaaji kwa maandishi zawadi inalipwa lini na kwa njia gani. Usikope kwa kutegemea kushinda. Narudia, usikope.

Hatua ya 6: Majini. Mawimbi yako mawili bora ndiyo yanayohesabiwa, kila moja juu ya 10. Ukimwingilia mwenye haki ya wimbi, alama zako zinakatwa.

---

Mwanamtama: Mkuu, kwa hiyo wanalipa bei gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Mwanamtama: Nimesoma, hujasema mshindi anapata ngapi.

Jibu: Kila shindano na bango lake, kila mwaka na bajeti yake. Nikikutajia namba leo mwakani utanidai mimi.

Pwani Raha: Nilisikia lazima uwe na barua ya wizara.

Jibu: Ulisikia kwa nani? Hatua ya 1 nimeandika milango miwili. Ziara ya kulipwa haitaki barua ya wizara yoyote.

Bi Zulfa: Ahsante kwa somo, kaka. Majaji wanapimaje? Mimi nikitazama naona wote wanabinuka tu.

Jibu: Swali zuri, dada. Kawaida majaji ni watano. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki wanatoa wastani. Tazama mahali mtu anapobinukia: akirukia kwenye mdomo wa wimbi, pale linapovunjika kwa nguvu, akatua safi na kuendelea, hiyo ina thamani. Akibinuka begani ambako wimbi limelala, alama ni za huruma. Kupita ndani ya bomba, yaani lile tundu wimbi linapojikunja, na kutoka salama kunalipa sana, hasa Pipeline, lile wimbi maarufu la Hawaii.

Kijana wa Tiwi: Shikamoo. Kuna Mwafrika aliyewahi kuchukua dunia?

Jibu: Marahaba. Wapo, wa Afrika Kusini. Andre Botha alichukua 1998 akiwa na miaka 17, akarudia 1999. Baadaye Jared Houston 2015, Iain Campbell 2017, Tristan Roberts 2019. Botha huyo huyo ndiye aliyemwokoa Evan Geiselman, mteleza mawimbi wa Marekani, asizame Pipeline, Desemba 2015. Na Mkenya au Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, kwa hiyo mimi ningeanzia mashindano ya huko kabla ya kuota Hawaii.

Pwani Raha: Mimi naogelea vizuri sana, siwezi kwenda Pipeline moja kwa moja?

Jibu: Hapana. Chini pale ni mwamba, na kina cha maji ni kifupi.

Mzee Kombo: Mwanangu, nataka kumnunulia mjukuu ubao. Wa duka la watalii ulilegea mwezi mmoja tu.

Jibu: Mzee wangu, maji yetu ni ya moto. Muulize muuzaji kiini cha ubao ni nini. Cha polithilini hulegea kwenye maji ya moto, kinafaa bahari baridi kama ya Cape Town. Kwa Mombasa au Unguja tafuta cha polipropilini. Na mjukuu asiuache ndani ya gari juani, gundi inaachia ngozi inavimba mapovu.

Mzee Kombo: Kumbe! Ule wa kwanza ulikaa garini.