Lubumbashi hadi Kinshasa kwa ndege: hesabu za kufanya kabla ya kulipa tiketi

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi N'djili, ule wa Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 1,560. Ndege ya jeti inayokwenda karibu kilomita 800 kwa saa hutumia saa mbili na dakika chache, ukihesabu kupanda na kushuka. Kwa nchi kavu usijaribu kulinganisha: reli yetu inaishia Ilebo, na kutoka hapo zilizobaki ni safari za mtoni.

Kwanza, soma saa za tiketi polepole. Kongo ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Ukitoka Luano saa 10:00, yaani saa nne asubuhi, ukafika 11:15, usidhani umeruka kwa saa moja na robo. Umeruka saa mbili na robo. Kurudi ndiko kunakotisha watu: ndege ya 10:00 kutoka N'djili inafika kwetu Lubumbashi 13:15, na mwendo ni uleule. Anayekuja kukupokea mwambie saa ya kwake, si ya kwako, la sivyo mmoja wenu atakaa uwanjani akipiga simu isiyopatikana.

Uliza pia kama ndege inakwenda moja kwa moja. Ikipitia Mbuji-Mayi au Kananga, kilomita zinazoongezeka ni kama mia tu, ila kutua, kushusha watu, kujaza wengine na kuruka tena kunakula muda kuliko hizo kilomita. Aina ya ndege nayo ina neno lake. Ndege ya mapanga (propela) inayokwenda kilomita 500 kwa saa itahitaji zaidi ya saa tatu hata bila kusimama popote.

Msimu wa mvua, ngurumo za alasiri huchelewesha ndege pande zote mbili. Nikichagua mwenyewe, huchukua ya asubuhi.

Wengi wetu tunakwenda Kinshasa kwa ajili ya viza au kuunganisha ndege ya ng'ambo. Hapo msimamo wangu ni mmoja: fika siku moja kabla. N'djili iko kama kilomita 25 kutoka Gombe, katikati ya mji, na foleni ya magari kwenye bulvadi Lumumba, kuanzia Masina hadi Limete, inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko ndege yenyewe. Ile saa moja uliyopewa na majira ya Kinshasa inaishia humo.

Mengine ni mafupi. Kadi ya mpiga kura au pasipoti iwe na jina lilelile la kwenye tiketi. Uliza kama Go-Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya bei au utailipia uwanjani, na noti zako za dola zisiwe zimechanika hata kidogo, maana zitakataliwa. Pima mzigo nyumbani. Ndugu wa Kinshasa watakuagiza unga wa bukari (ugali). Kubali kwa kiasi, kwa sababu kilo za ziada utazilipa wewe. Na kifurushi cha jirani kilichofungwa tayari, kifungue mbele yake kabla hujakipokea.