Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujaza Fomu I-9 Kazini Marekani

Kila anayeajiriwa Marekani, awe mzaliwa wa huko au mkimbizi aliyeingia mwaka jana, hujaza Fomu I-9 ili kuthibitisha mambo mawili: kwamba yeye ndiye huyo anayejitaja, na kwamba sheria inamruhusu kufanya kazi nchini humo. Utaratibu huu ulianzishwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986 na unamhusu raia sawasawa na mgeni, kwa hiyo anayekabidhiwa fomu hiyo asidhani kwamba ametiliwa shaka. Wengi wanaokwama wana haki kamili ya kufanya kazi, ila hati zao zimebaki kwa ndugu katika mji mwingine, zimekwisha muda, au zina majina yasiyolingana, na muda wa kurekebisha hayo huwa mfupi mno.

Ufupi wenyewe ni huu. Sehemu ya kwanza ya fomu hujazwa na mfanyakazi mwenyewe, na ni lazima iwe imekamilika siku ya kwanza ya kazi ya malipo. Anaweza kuijaza mapema, mradi awe amekwisha kupewa kazi na kuikubali. Sehemu ya pili hujazwa na mwajiri baada ya kuziona hati, naye ana siku tatu za kazi tangu siku hiyo ya kwanza, hivyo aliyeanza Jumatatu anatakiwa awe amekwisha kuonyesha hati zake kufikia Alhamisi. Ajira isiyofika siku tatu hukaguliwa siku ileile. Nakala rasmi ya cheti cha kuzaliwa si rahisi kupatikana ndani ya siku tatu, na ndiyo maana wakati wa kupekua mikoba ni wiki ile barua ya ajira inapopokewa. Na kama kuna mtu anayedai Fomu I-9 kabla hata hajakupa kazi, au anayetaka malipo ili akupe fomu, huyo ni wa kuogopwa: fomu haina ada yoyote, na mwajiri haruhusiwi kuidai kabla kazi haijatolewa na kukubaliwa.

Hati zinazokubalika zimegawanywa katika orodha tatu. Hati ya Orodha A inatosha peke yake, kwa kuwa inathibitisha utambulisho na ruhusa ya kazi kwa pamoja; humo zimo pasipoti ya Marekani, kadi ya ukaazi wa kudumu ambayo wengi huiita grini kadi, na kadi ya kibali cha kazi yenye picha. Asiye na mojawapo huleta hati mbili: moja ya Orodha B inayoonyesha yeye ni nani, kama leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na nyingine ya Orodha C inayoonyesha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, kama kadi ya soshiali (yaani ya Hifadhi ya Jamii, Social Security) isiyo na masharti au cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na mamlaka ya Marekani. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba uamuzi wa hati ipi ionyeshwe ni wa mfanyakazi. Mwajiri anatakiwa kumpa orodha zote tatu na kupokea hati yoyote halali iliyomo. Akisema anataka kuona grini kadi tu, hali umekwisha kuweka mezani leseni na kadi ya soshiali, anakiuka sheria. Idara ya Sheria ya Marekani ina kitengo kinachopokea malalamiko ya aina hiyo, na malalamiko hupelekwa ndani ya siku 180 tangu ukiukaji ulipotokea.

Kadi ya soshiali inahitaji kusomwa kwa makini, maana watu hukariri namba yao wakasahau kadi yenyewe imeandikwa nini. Itoe kwenye bahasha, uiangalie juu ya jina. Kama hapana maneno ya ziada hapo, kadi hiyo inafaa kwa Orodha C. Kama imeandikwa kwamba haitumiki kwa kazi, au kwamba inatumika kwa kazi pamoja na idhini ya Idara ya Usalama wa Ndani tu, basi haikubaliki kwa fomu hii hata kama namba yake ni sahihi na mwenyewe ana kibali kizima mfukoni. Huyo aonyeshe kibali chenyewe. Wapo ambao hadhi yao imebadilika tangu kadi ya kwanza ilipotolewa, wakapata ukaazi wa kudumu au hifadhi, na bado wanatembea na kadi yenye masharti. Hao waende ofisi ya Hifadhi ya Jamii wakaombe kadi mpya, ambayo hutolewa bila malipo.

Baada ya hapo zitandaze hati zote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tuna taabu yetu hapa: jina la babu limewekwa mahali pa jina la ukoo katika hati moja, katika nyingine limeachwa, Mohamed wa kibali amekuwa Mohammed katika leseni, aliyeolewa ana jina la mume kwenye kadi moja na la baba kwenye nyingine. Tarehe za kuzaliwa nazo zina vituko vyake, kwani wakimbizi wengi waliandikishwa kambini wakapewa tarehe 1 Januari, kisha baadaye mtu akaja akaandika ile anayoikumbuka mama yake. Tofauti ndogo yenye maelezo haimzuii mwajiri kupokea hati, lakini zikiwa mbili au tatu kwa pamoja atasita, na si vizuri kumlaumu. Jaza fomu kwa jina la kisheria la sasa, taja majina mengine uliyowahi kutumia katika nafasi iliyowekwa, na ubebe cheti cha ndoa au hati ya mahakama ikiwa ndicho chanzo cha tofauti.

Katika sehemu ya kwanza kuna visanduku vinne, na mfanyakazi hutia alama kimoja: raia wa Marekani, mwenye utaifa wa Marekani asiye raia (kama aliyezaliwa Samoa ya Marekani), mkaazi wa kudumu, au mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi. Hapa nasisitiza kuliko popote. Asiye raia akitia alama kwenye kisanduku cha uraia, hata kwa haraka ya foleni ya wafanyakazi wapya, anaweza kuhesabiwa kuwa amejidai raia kwa uongo, na jambo hilo linaweza kumfungia mlango wa grini kadi au kumfukuzisha nchini miaka mingi baadaye. Usimwachie mtu mwingine akutilie alama bila wewe kuelewa kisanduku kinasema nini. Mkalimani akikusaidia kujaza, yeye pia anatakiwa kujaza na kutia saini nyongeza maalumu ya fomu.

Hati ziwe halisi na ziwe hai. Picha ya simu haitoshi, ingawa tangu Agosti 2023 waajiri waliojiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi kwa mtandao, wanaweza kupokea nakala na kukagua hati kwa njia ya video. Aliyepoteza hati au kuibiwa anaweza kuonyesha risiti ya maombi ya nyingine, nayo humpa siku 90. Risiti ya maombi ya kibali cha kwanza haina nguvu hiyo. Mkimbizi aliyeingia karibuni ana nafuu yake: Fomu I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, yenye kuonyesha kwamba aliingia kama mkimbizi hupokewa kwa siku 90 huku akisubiri kibali au kadi ya soshiali.

Kama mwajiri anatumia E-Verify, namba ya soshiali inakuwa lazima, hati ya Orodha B iwe na picha, na taarifa zako hulinganishwa na kumbukumbu za serikali. Zisipolingana, mwajiri hukuarifu faraghani. Ukiamua kupinga una siku 8 za kazi za serikali kuwasiliana na ofisi inayohusika, na mwajiri haruhusiwi kukufukuza wala kukupunguzia saa kwa sababu hiyo shauri likiwa halijakwisha.

Mwisho, andika mahali tarehe ya kibali chako kwisha, kwani mwajiri atahitaji kuthibitisha upya ifikapo tarehe hiyo, na maombi ya kuhuisha yanaweza kupelekwa hadi siku 180 kabla. Mwenye grini kadi hathibitishwi upya kadi yake inapokwisha muda. Akiitishwa tena ofisini kwa sababu hiyo peke yake, anaweza kueleza kwa adabu kwamba sheria haimtaki afanye hivyo.